Jiwe Lingefika Wapi

Mji mzima wa Kalyna uliijua sauti ya Lavonne Prokopchuk kabla ya kumjua mwenyewe. Alikuwa dereva wa basi la shule, na watoto waliokuwa wakirushiana kofia viti vya nyuma walinyamaza kimya akikohoa tu. Lakini sauti ile hakuipatia kwenye basi. Aliipatia barafuni, kwa miaka mingi ya kusimama upande mmoja wa uwanja na kuwapigia kelele watu walio upande wa pili: fagia, acha, fagia, jamani fagieni! Mumewe, Orest, mkulima wa ngano mwenye maneno ya kuhesabika, alipenda kusema kwamba wakati wa baridi yeye hahitaji simu. Akitaka kujua kama mkewe anashinda, anafungua dirisha.

Hapo Orest alitia chumvi. Dirisha hilo, kwa baridi ya jimbo lao la Saskatchewan, ukilifungua mwezi wa kwanza, huenda usilifunge tena mpaka barafu iyeyuke.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Ni watu wanne kwa wanne. Mchezaji anachuchumaa na kuteleza na jiwe zito la graniti lenye mpini, analiachia, nalo linakwenda zake polepole hadi upande wa pili, ambako yamechorwa maduara, dogo ndani ya kubwa. Katikati kuna kitovu, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo linalohesabiwa. Njiani wachezaji wawili hukimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu, maana barafu iliyofagiwa huteleza zaidi na jiwe hufika mbali. Anayewaamuru ni nahodha. Ni hayo tu. Mtu akikwambia kwamba huo si mchezo bali ni usafi wa nyumba, mwambie aende Kalyna akarudie maneno hayo mbele ya Lavonne.

Alianza akiwa mdogo, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe nyuma ya zizi la baba yake. Hawakuwa na mawe. Baba yake alijaza maji kwenye makopo ya jamu, akatia waya uliopindwa uwe mpini, akayaacha nje yagande. Lavonne akatupa makopo hayo mpaka giza likaingia, kesho yake hivyo hivyo, na mama yake akawa analalamika kwamba nyumba hii haina ufagio unaomaliza mwezi. Alipofika umri wa kuingia uwanja wa kweli, mkono wake ulikuwa umekwisha kujifunza kila kitu. Uliobaki ulikuwa mdomo, na huo ulijifunza upesi.

Hata mume alimpatia hukohuko. Wenye mchezo huu wana desturi yao: mkimaliza, aliyeshinda anamnunulia aliyeshindwa kinywaji, na timu zote mbili zinakaa meza moja, hata kama dakika tano zilizopita mlikuwa mnatazamana kama paka na mbwa. Orest alikuwa kwenye timu iliyochapwa vibaya. Lavonne akamnunulia bia. Orest akaishika bia ile saa nzima bila kusema kitu, halafu akauliza, "Jumamosi ijayo mnatuchapa tena?" Walioana kabla ya mavuno.

Alipokuwa na mimba ya binti yao Larissa alitupa mawe mpaka tumbo likawa linamzuia kuchuchumaa, na hata hapo hakukaa nyumbani. Alisimama kwenye maduara akaamuru. Ndiyo maana, walisema watu wa Kalyna, mtoto yule alizaliwa bila kulia. Alikuwa amekwisha kuzoea kelele.

Kwenye mashindano ya vijijini Lavonne hakuwa na mpinzani. Alishinda nusu nguruwe mara kadhaa, alishinda friza ya kumtilia nguruwe huyo, na alishinda vibaniko vya mkate vya kutosha kufungulia duka. Kila binti wa ukoo aliyeolewa alipewa kibaniko. Kitu kimoja tu kilimkwepa, ubingwa wa jimbo, ule unaompa mtu koti la kijani na kumpeleka mashindano ya taifa. Alifika fainali mara tatu. Mara ya kwanza jiwe lake la mwisho lilikanyaga unywele mmoja wa ufagio ulionaswa kwenye barafu, likageuka na kwenda lilikotaka lenyewe. Mara ya pili alishindwa kwa kipimo, kwa tofauti isiyoonekana kwa macho. Mara ya tatu alitupa kwa nguvu kupita kiasi, basi, hakuna wa kumlaumu. Alikaa siku kadhaa bila kuwafokea watoto basini, mpaka wazazi wakaanza kumuuliza Orest kama mkewe anaumwa.

Larissa alikua, akawa mrefu, mwenye mabega ya baba yake, na alipotimiza miaka kumi na minane mama yake alimweka kwenye timu kama mfagiaji. Alifagia vizuri mno. Kila mtu alisema hivyo isipokuwa mama yake, ambaye hakuwa akisema kitu ila "fagia" na "acha". Walicheza pamoja miaka sita, na fainali ya tatu walishindwa pamoja.

Kisha ikaja Pasaka ya mwaka jana. Meza ilikuwa imejaa mikate ya Pasaka, soseji za kitunguu saumu na mayai yaliyopakwa rangi, na Orest alikuwa ndiyo kwanza ameshika kisu, Larissa aliposema:

"Mama, msimu ujao nachezea timu ya Brynn Oyen."

Orest aliacha kukata.

"Brynn yupi?" Lavonne akauliza. "Yule mtoto wa mji wa Lindgren?"

"Ana miaka ishirini na saba, mama. Si mtoto."

"Na timu yetu ina ubaya gani?"

"Timu yako," Larissa akamrekebisha. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. "Miaka sita nimefagia mbele ya mawe yako. Pua yangu iko juu ya jiwe, mama. Mimi ndiye ninayejua linakwenda kwa mwendo gani. Hujaniuliza hata siku moja. Nikisema zito, litapitiliza, unanifokea nifagie. Nikisema jepesi, halitafika, unaniambia niache. Hata siku moja hujasema, Lari, unaonaje?"

"Mimi ni nahodha. Nahodha ndiye anayeona."

"Haya, mama. Endelea kuona."

Walikula. Soseji zilikuwa nzuri na hakuna aliyezisifia. Tangu siku hiyo mama na binti walizungumza kila Jumapili kwa simu, na walizungumzia mvua, paka, bei ya mafuta ya gari na meno ya bibi. Mambo ya barafuni hayakutajwa. Orest akawa daraja. Binti anampigia baba kumweleza alivyocheza, baba anasubiri siku mbili, halafu anayadondosha mezani kama habari alizozisikia dukani. Lavonne alijua fika habari zinatoka wapi. Alikuwa akiuliza, "Na huko dukani wanasema mkono wake umepona?"

Alimkosa sana mtoto wake. Hakumwambia mtu, ila usiku mmoja alimwambia Orest, na Orest akasema anajua.

Msimu ulipoanza, daktari naye akaleta yake. Nyonga ya kulia imekwisha. Ataibadilisha majira ya kupanda yakianza, na baada ya hapo asitarajie tena kuchuchumaa na kuteleza kama zamani. Kwa hiyo ulikuwa msimu wa mwisho, na Lavonne aliucheza kwa udi na uvumba. Alimeza dawa za maumivu, akafungwa bandeji na Verla Sawatzky, shoga yake tangu darasa la kwanza na msaidizi wake barafuni, na akashinda mechi baada ya mechi mpaka fainali ya jimbo, iliyochezwa mjini Lindgren, Jumapili mchana. Timu nyingine iliyofika fainali ilikuwa ya Brynn Oyen.

Orest alikwenda jukwaani amevaa koti la timu ya mkewe na kofia ya timu ya binti yake. Watu walimcheka tangu mlangoni.

"Orest, leo unalala wapi?"

"Kwenye gari," akajibu, akaketi.

Barafuni, timu zilipeana mikono kama ilivyo ada. Verla, mwanamke mnene mwenye mdomo usiokaa kimya, alimshika Larissa mkono asiuachie.

"Wee Lari, mimi nimekubadilisha nepi. Leo ndiyo unakuja kutufagia?"

"Shangazi Verla, chunga goti lako lisibaki barafuni. Tutalihesabu kama jiwe."

"Mnamsikia huyu! Lavonne, mtoto wako hana adabu."

"Amefundishwa na wewe," Lavonne akasema, akampa binti yake mkono. "Mchezo mwema."

"Mchezo mwema, mama."

Ulikuwa mchezo mwema kweli. Timu ya Lavonne ilikuwa na mawe mekundu, ya Brynn manjano. Wekundu waliongoza, wakafikiwa, wakapitwa, wakafikia tena. Brynn Oyen, msichana mwembamba asiyepandisha sauti, alitupa kwa utulivu kiasi kwamba Lavonne alianza kumpenda bila kutaka. Na kila Brynn alipotupa, alimtazama Larissa, na Larissa alipaza sauti kumwambia jiwe likoje, na Brynn akaamua kwa alichoambiwa. Lavonne aliyaona hayo. Aliyaona kila raundi, na kila mara ilimchoma mahali palepale.

Walifika raundi ya mwisho wakiwa sare. Jiwe la mwisho la Lavonne lilikuwa zuri kuliko yote aliyotupa msimu huo. Lilipita katikati ya mawe mawili pasipostahili kupita kitu, likatulia kushoto kwa kitovu, umbali wa shibiri hivi. Jukwaa lililipuka. Verla alirukaruka na goti lake bovu.

Limebaki jiwe moja, la Brynn. Likitulia karibu na kitovu kuliko lile jekundu, ubingwa ni wao. Lisipotulia hapo, ni wa Lavonne.

Brynn aliliachia. Lavonne alisimama nyuma ya maduara, mahali pa nahodha wa timu pinzani, ameegemea ufagio. Larissa na mwenzake walikuja wamelala juu ya fagio zao, wakisugua barafu kama watu wanaotaka kuitoboa. Nahodha haondoi jicho kwenye jiwe. Ni jambo la kwanza analofundishwa na la mwisho analosahau. Lavonne aliondoa. Alimtazama binti yake. Aliona taya lililokazwa, nywele zilizogandamana kwenye paji la uso, midomo ikicheza kimya kimya kama mtu anayehesabu, na mabega yale yakipanda na kushuka bila kuchoka kutoka upande wa pili mpaka huku. Alisahau kabisa ni nani anayepaswa kushinda.

Jiwe lilikuwa limeshaingia kwenye maduara ufagio wa Larissa ulipoligusa. Mguso wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayekupisha mlangoni. Mwenzake hakuuona. Brynn alikuwa mbali. Jukwaani hakuna aliyeuona. Larissa alinyanyua ufagio, akanyoosha mkono juu.

"Nimeligusa!"

Jiwe likaendelea kidogo, likatulia. Lilikuwa limekaribia kukaa juu ya kitovu chenyewe. Kama lilivyokaa, manjano wameshinda.

Katika mchezo huu hakuna mtu anayepuliza filimbi kwa kosa kama hilo. Aliyegusa ndiye anayesema, na anasema papo hapo, na asiyesema hatapata wa kukaa naye meza moja maisha yake yote. Larissa alisema. Akishasema, uamuzi si wake tena. Ni wa nahodha wa upande wa pili, naye ana njia tatu. Anaweza kuliondoa jiwe lile kabisa. Anaweza kuliacha lilipo. Au anaweza kulisogeza mpaka pale ambapo, kwa kadiri anavyoona, lingefika kama lisingeguswa.

Verla alikwisha kufika begani kwa Lavonne.

"Liondoe," akanong'ona. "Lavonne, sheria inakuruhusu. Liondoe twende zetu nyumbani na koti."

"Najua sheria."

"Basi unangoja nini, shoga yangu? Nyonga yako ina msimu mwingine?"

Lavonne alilitazama jiwe la manjano. Akiliondoa, ubingwa ni wake, sasa hivi, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna wa kumwambia kitu, isipokuwa kwamba yeye atajua daima kwamba mguso ule haukustahili adhabu hiyo. Akiliacha, ubingwa ni wa Larissa, na Larissa atajua amehurumiwa na mama yake mbele ya jimbo zima. Alimtazama mtoto wake usoni na akaona kwamba ndicho hasa anachokiogopa. Alikuwa amekunja uso, anatikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema usithubutu.

Ilibaki njia ya tatu, ya haki. Lavonne alipiga magoti kando ya jiwe la manjano huku nyonga ikimlilia, akaweka kiganja kwenye mpini, na hapo ndipo alipotambua balaa lake. Hajui lingefika wapi. Hakuliona. Miaka yote hii watu wa jimbo zima wameyaamini macho yake, na siku moja tu yalipohitajika kweli, yalikuwa yanatazama kwingine. Angeweza kubuni. Mahali popote ambapo angeliweka, wangeamini. Alilishika jiwe lile, na jasho likamtoka kwenye barafu.

"Lari," akasema.

"Nini?"

"Lilikuwa linakwendaje?"

Larissa alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Jiwe. Mimi sikuliona." Sauti ya Lavonne ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wa jukwaani, waliozoea kumsikia kutoka maegesho ya magari, waliinama mbele. "Wewe ulikuwa juu yake. Lingefika wapi?"

"Mungu wangu," Verla akaguna. "Lavonne, unamuuliza mpinzani?"

"Namuuliza mfagiaji."

Brynn alikuwa amefika mbio kutoka upande wa pili, anahema, anawatazama mmoja baada ya mwingine. Larissa akisema "lingeishia hapohapo lilipo", mchezo umekwisha na koti la kijani ni lao. Hakuna mtu katika jengo lile ambaye angeweza kumbishia, na mama yake ndiye aliyemfungulia mlango huo. Alijifuta uso kwa mkono wa glavu. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, jiwe likiwa katikati yao.

"Lilikuwa bado na nguvu," akasema. "Tulilifagia kupita kiasi. Nilikuwa ndiyo nataka kusema tuache, mkono ukaniteleza. Ufagio ulilipunguzia mwendo. Lingepita kitovu."

"Mpaka wapi?"

Larissa alilisukuma jiwe polepole, likavuka kitovu, likaenda nyuma yake. Akaliacha hapo. Akalitazama, akalitazama tena, na Lavonne, aliyekuwa karibu kiasi cha kuona kope zake zimelowa, aliona kwamba hajaridhika.

"Hapana," Larissa akasema. Akalisukuma tena, upana wa kidole. "Hapa. Lingefika hapa."

"Una hakika?"

"Mama, nina hakika."

Lavonne akainua macho kumtazama Brynn. Msichana yule alikuwa amejiziba mdomo. Aliushusha mkono.

"Kama Lari anasema lingefika hapo," akasema, "basi lingefika hapo."

"Basi liko hapo," Lavonne akasema, na Verla akamsaidia kunyanyuka.

Sasa kitovu kilikuwa na jiwe jekundu kushoto na la manjano nyuma, na macho ya binadamu hayakuweza kuamua. Mzee wa vipimo akaja na chuma chake chenye mshale, unaosogea zaidi kadiri jiwe lilivyo karibu, akachomeka mguu wa chuma kile kwenye kitundu kilicho katikati ya kitovu, akakizungusha taratibu. Kikapita kwenye la manjano, mshale ukasogea. Kikapita kwenye jekundu, mshale ukasogea zaidi kidogo, upana wa ukucha. Mzee akarudia, maana alijua anapima nini. Akanyanyuka, akaelekeza kidole.

"Jekundu."

Hakuna aliyeshangilia. Watu elfu nzima, na hakuna aliyejua kama ni jambo la kushangilia. Halafu huko juu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, polepole, kwa mikono mikubwa ya shambani, amesimama na kofia ya timu moja na koti la nyingine, analia bila kujificha. Jukwaa likamfuata, wote wakasimama, na kelele zikawa nyingi hata vipande vya theluji vikaanguka kutoka kwenye paa la bati.

Larissa alivua glavu. Akampa mama yake mkono.

"Hongera, mama."

Lavonne alitaka kusema kitu, lakini ile sauti ya kuwatisha watoto wa mji mzima ilikuwa imemtoroka. Alimvuta binti yake, akamkumbatia pale juu ya kitovu, kati ya mawe mawili. Brynn akawafuata, na Verla akawafuata wote, akateleza, akakaa chini, akasema afadhali hapa chini kuliko kuachwa amesimama peke yake kama nguzo ya umeme.

Baadaye walikaa meza moja kama inavyotakiwa, timu zote mbili, na Lavonne ndiye aliyeagiza. Larissa alisema kwa kuwa anayelipa ni bingwa wa jimbo, basi hatakunywa bia tu, ataleta na njaa yake yote. Aliletewa sinia la chipsi zilizomwagiwa mchuzi na jibini, na sahani ya viazi vilivyofungwa ndani ya unga na kukaangwa na kitunguu. Brynn alikula kidogo, akalia kidogo, akala tena. Verla alikuwa amelivaa koti la kijani la Lavonne pamoja na lake mwenyewe, moja juu ya jingine, anapita meza hadi meza.

"Bado sirudi kwenye timu yako," Larissa akasema mdomo ukiwa umejaa.

"Nani kakuomba?"

"Nasema tu, usije ukafikiria."

"Timu yangu haina nyonga. Urudi wapi?"

Wakacheka. Kisha Lavonne akawa anazungusha glasi yake mezani.

"Lari. Leo sikuliangalia jiwe."

"Ulishasema. Kila mtu alisikia." Larissa aliweka uma chini. "Na nilikuona, mama. Ninakuja na jiwe, nainua macho, wewe unaniangalia mimi. Nikajua unatafuta kosa. Nikakasirika, mkono ukateleza."

"Sikuwa natafuta kosa."

"Ulikuwa unafanya nini, basi?"

Lavonne hakuzoea maneno ya namna hiyo, na yalikuwa yanatoka kwa shida kama gari linalokwamuliwa kwenye theluji.

"Nilikuwa nakuangalia tu. Ulipokuwa kwangu, miaka sita, nilikuwa naangalia jiwe. Kila jiwe. Sikuwahi kukuona ukifagia, Lari. Leo ndiyo mara ya kwanza." Akaisukuma glasi kando. "Nilikuwa sijui kwamba nina mtoto wa namna hii. Nisamehe."

Machozi yalimjaa Larissa machoni, akageukia upande wa sinia, akachukua chipsi moja, akairudisha. Orest, aliyekuwa amekaa kwenye ncha ya meza, alianza kuisoma kwa makini sana karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya mchuzi wa nyanya.

"Na nafagiaje?" Larissa akauliza mwishowe.

"Sijawahi kuona mtu anayefagia vizuri kama wewe," mama yake akasema. "Ila mkono wa kushoto unaushika juu mno."

Larissa akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda, akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la mama yake, akakaa hapo mpaka chakula kikapoa.